Ubao wa Mwalimu: Kikapu Kinaporudi Kitupu



Katika toleo la mwezi uliopita tuliahidi kwamba safu hii ingeeleza namna ya kuzitia uhai kompyuta kuukuu kwa kuziwekea Linux. Ahadi ni deni, na leo tunalilipa. Lakini hatuwezi kulilipa bila kukiri kwanza kosa tulilolitenda sisi wenyewe, kwa kuwa kosa hilo lilikaribia kumgharimu mwenzetu mmoja fedha ambazo hakupaswa kuzitoa.

Wengi wenu mnaijua asili ya darasa letu la Jumamosi. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, na kompyuta nyingi zilizomo majumbani mwetu hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine nzima, zenye kibodi nzuri na skrini safi, zikaanza kuonekana kando ya mapipa ya taka. Tukasema: la, zileteni ukumbini. Linux, ambayo kiini chake kilianza kuandikwa na Linus Torvalds mwaka 1991 huko Ufini, haidai ada, wala haihitaji mashine ya mwaka huu. Kazi ikaanza, na kwa muda tukajiona mafundi.

Ndipo akaja mama mmoja, afanyaye kazi ya usafi wa maofisi alfajiri, ambaye binti yake anajiandaa kwa mitihani ya GCSE. Alikuja na Raspberry Pi 4, kompyuta isiyozidi ukubwa wa pakiti ya karata, ambayo huunganishwa na televisheni na kufanya kazi zote za mwanafunzi. Ndani yake ilikuwamo Ubuntu 24.04, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Kilichobaki ni kupakua LibreOffice, ili binti aweze kuchapa insha zake.

Kabla ya kuanza tulilifungua faili la anwani za maghala, na tukakuta humo anwani tusiyoizoea, yenye neno «ports». Kompyuta yetu wenyewe haina neno hilo. Tukaamua, bila kumwuliza mtu, kwamba kuna aliyelichezea faili lile. Tukalifuta, tukanakili kwa flashi faili la kompyuta yetu, tukalipachika pale. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Tulipotoa amri ya kupakua, mashine ilikataa. Skrini ikajaa mistari, na katika mistari hiyo namba 404. Tuliyasoma maneno ya mwanzo tu, yasemayo kuwa upakuaji umeshindikana, tukaulaumu mtandao wa ukumbini. Tukakichukua kifaa nyumbani kwetu. Huko nako kikakataa vilevile. Jumamosi iliyofuata tulimwambia yule mama, kwa sauti ya mtu ajuaye, kwamba huenda kifaa chake kimefikia mwisho.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, «Basi, mwalimu, nitawaomba wenzangu wa upatu zamu yangu isogezwe, ninunue nyingine. Mtoto hawezi kungoja.» Zamu hiyo, kama tulivyokuja kujua baadaye, alikuwa ameiwekea nauli ya kwenda Tanga kumwona mama yake.

Aliyetuokoa ni kijana wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chetu. Alisema kwa adabu, «Samahani, mwalimu. Mbona huku mwishoni mwa mstari imeandikwa arm64? Ile kompyuta yako si amd64?»

Ndugu wasomaji, kwa zaidi ya miaka thelathini tulisimama mbele ya madarasa tukiwahimiza wanafunzi wasome swali mpaka nukta ya mwisho kabla ya kushika kalamu. Siku ile sisi tulikuwa tumesoma nusu ya swali, na tukataka mtu mwingine alipe kwa uvivu wetu.

Sasa tueleze jambo lenyewe. Ndani ya Ubuntu na Debian mna mtumishi aitwaye apt, ambaye kazi yake ni kuleta vifurushi vya programu kutoka katika maghala yaliyomo kwenye intaneti. Mfikirieni kama mtoto anayetumwa dukani na kikapu. Kwanza husoma anwani za maduka aliyopewa. Pili huenda kuchukua daftari la bidhaa zilizopo, na amri ya kumtuma ni hii:

sudo apt update

Tatu hulikagua daftari hilo kama lina muhuri wa kweli wa wenye ghala. Mwisho, akiambiwa alete kitu, hukichukua na kukilinganisha na alama iliyoandikwa katika daftari, asije akaleta kilichoharibika njiani. Amri ya kumwagiza ni:

sudo apt install libreoffice

Mtoto huyu akirudi na kikapu kitupu hasemi uongo. Hueleza alikwenda wapi, akaomba nini, na akajibiwa nini. Kazi yetu ni kumsikiliza mpaka amalize.

Lakini ipo siri moja ambayo bila kuijua hutamwelewa. Kompyuta zote haziongei lugha moja. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, hujengwa kwa usanifu mbalimbali, na programu iliyotengenezwa kwa usanifu mmoja haisomeki na prosesa ya usanifu mwingine, hata kama jina la programu ni lilelile. Kwa hiyo jina la kifurushi huwa na sehemu tatu, kama majina yetu ya nyumbani: jina lake mwenyewe, kisha toleo lake, kisha ukoo wake. Kifurushi kikiishia na «amd64» ni cha ukoo huo. Kikiishia na «arm64» ni cha ukoo mwingine kabisa. Kikiishia na «all», kama vilivyo vifurushi vingi vya maumbo ya herufi na vya nyaraka, hicho ni cha koo zote.

Koo tunazokutana nazo ukumbini ni nne. «amd64» ni ya kompyuta nyingi za mezani na kompyuta mpakato za biti 64. Msidanganywe na jina: hata yenye kibandiko cha Intel ni amd64, maana kampuni ya AMD ndiyo iliyoubuni usanifu huo na kutoa prosesa yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2003, na Intel ikaufuata mwaka 2004. «i386» ni ya zile kongwe za biti 32. «arm64» na «armhf» ni za ukoo wa ARM, wa biti 64 na wa biti 32. Ukoo huu ulizaliwa hapahapa Uingereza, mjini Cambridge, katika kampuni ya Acorn, ambako prosesa yake ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1985. Leo umo katika simu nyingi tunazozishika, na umo katika Raspberry Pi.

Kabla ya kumtuma mtoto popote, iulizeni mashine ni ya ukoo gani. Andikeni amri hii, mkiweka vistari viwili vilivyoshikana baada ya nafasi ya kwanza, kwa kuwa fotokopi huweza kuvionyesha kama kimoja:

dpkg --print-architecture

Jibu litakuwa neno moja, na neno hilo ndilo la kufuata. Wengine hupenda kutumia amri «uname -m», ambayo hutoa majina mengine kwa koo zilezile: «x86_64» kwa amd64, na «aarch64» kwa arm64. Hilo si kosa. Ila amri hiyo hutaja kiini cha mfumo, na katika baadhi ya Raspberry Pi kiini huwa cha biti 64 huku vifurushi vyake vyote ni vya biti 32. Anayekwenda dukani amwulize dpkg.

Turudi kwenye 404. Namba hiyo maana yake ni kwamba seva imepatikana na imejibu, ila kilichoombwa hakipo mahali pale. Kwa hiyo tulipoulaumu mtandao tulikuwa tumekosea tangu mwanzo, kwa sababu mtandao uliokatika hauwezi kuleta jibu. La muhimu ni kutazama jibu hilo limeangukia kitu gani. Namba ni moja, lakini huficha maradhi matatu.

La kwanza ndilo lililotupata sisi. Mstari uliokataliwa ulikuwa na maneno «noble/main/binary-arm64». Noble ni jina la Ubuntu 24.04, na lilikuwa sahihi. Lakini duka tulilomtuma mtoto, archive.ubuntu.com, huweka vifurushi vya amd64 na i386 vya toleo hilo. Vya arm64 na armhf vimewekwa ports.ubuntu.com, katika kabrasha liitwalo ubuntu-ports. Lile neno «ports» tulilolishuku na kulifuta ndilo lililokuwa mlango wenyewe. Dawa ilikuwa kulifungua faili lililomo /etc/apt/sources.list.d/ liitwalo ubuntu.sources, na kurudisha anwani hii kila mahali palipokuwa na anwani yetu, pamoja na ile ya masahihisho ya usalama:

http://ports.ubuntu.com/ubuntu-ports

Tukatoa tena amri ya update, daftari likaja. Tukatoa amri ya install, na LibreOffice ikashuka kifurushi baada ya kifurushi. Kazi ya wiki mbili ilikwisha kabla chai haijapoa. Zamu ya upatu haikusogezwa, na nauli ya Tanga ikabaki kuwa nauli ya Tanga. Tulimwomba radhi yule mama mbele ya darasa zima, na hatuoni haya kuliandika hapa.

Maradhi ya pili ya 404 ni pale ambapo daftari limekubaliwa, lakini kifurushi kimoja, chenye jina lishialo na «.deb», hakipatikani. Hapo duka ni sahihi na ukoo ni sahihi. Daftari lako ndilo la zamani. Ghala limekwisha kuleta toleo jipya na kuliondoa lile la awali, nawe bado unaomba la awali. Toa amri ya update, kisha rudia ombi lako.

Maradhi ya tatu ni pale ambapo toleo zima limekataliwa, la koo zote. Hilo hutokea kwa mifumo iliyokwisha muda wake. Matoleo ya Ubuntu yaliyozeeka huhamishiwa old-releases.ubuntu.com, na ya Debian huhamishiwa archive.debian.org. Debian 9, kwa mfano, ilihamishiwa huko mwaka 2023. Mnaweza kumtuma mtoto huko akachukue kitu cha lazima, lakini jueni kwamba huko hapaletwi tena masahihisho ya usalama. Heri kuhamia toleo linalotunzwa.

Yapo pia majibu mengine ambayo si 404, na kila moja lina maana yake.

Mtoto akisema hakuweza kulitambua jina la seva, hakulifikia duka kabisa. Hapo ndipo pa kuutazama mtandao: waya, wifi, au kisanduku cha intaneti.

Akisema daftari halina umbo la daftari, na kuuliza kama mtandao unadai uthibitisho, basi huenda mko mahali penye wifi ya umma. Mtandao wa namna hiyo humzuia kila mgeni mpaka afungue kivinjari na kukubali masharti. Mtoto hakufika dukani; alisimamishwa mlangoni na bawabu akapewa karatasi ya matangazo, naye akadhani ndiyo daftari. Fungueni kivinjari, kubalini masharti, mrudie.

Akisema daftari «bado halijaanza kutumika», tazameni saa. Raspberry Pi 4 haina betri ya kuitunza saa. Ikizimwa, hutegemea intaneti kuambiwa muda. Palipo na mtandao unaouzuia ujumbe wa saa, mashine huamka ikidhani ni wiki iliyopita, na daftari la leo likaonekana kama limeandikwa kesho. Amri hii itawaonyesha saa na tarehe ya mashine:

timedatectl

Na akisema alama za kifurushi hazilingani na zilizomo katika daftari, kimeharibika njiani, au nakala ya ghala ilikuwa katikati ya kubadilishwa. Safisheni kikapu kwa amri hii, ngojeni kidogo, kisha mrudie update na install:

sudo apt clean

Hapa tunaonya kwa nguvu zote. Kuna watakaowashauri kumwambia apt asiangalie muhuri wala alama, ili mradi apakue. Msikubali. Muhuri ndio unaotutenganisha na mtu wa njiani anayeweza kutubadilishia bidhaa.

Tumalizie na habari ya kompyuta mpakato ndogo iliyoletwa na kijana mwingine, yenye prosesa ya Atom N270 iliyotoka mwaka 2008. Hiyo ni ya biti 32, ya ukoo wa i386. Kijana alikuwa ameandaa flashi ya Debian 13 ya amd64, na mashine ikamwambia waziwazi kwamba kiini kile kinahitaji prosesa ya biti 64. Akatafuta Debian 13 ya i386, asiione. Hakukosea kutafuta, haipo. Tangu Debian 13 ilipotolewa tarehe 9 Agosti 2025, mradi huo hautoi tena kisakinishi wala kiini kwa mashine za biti 32 za ukoo huo. Vifurushi vya i386 vingalipo ghalani, lakini vimekusudiwa kuwasaidia wenye mashine za biti 64 wanaohitaji programu za kale. Tukamwekea Debian 12, ya mwaka 2023, ambayo jina lake ni bookworm.

Mwenye mashine kama hiyo na azingatie jambo moja. Katika faili la anwani aandike «bookworm», wala asiandike «stable». Neno stable si jina la toleo, ni cheo, na cheo huhama. Siku ile ya Agosti kilitoka kwa bookworm kikaenda kwa toleo jipya, na mashine ya biti 32 yenye neno hilo huweza kuvukishwa kwenda mahali ambapo haina kiini cha kuiendesha. Vilevile ajue kwamba utunzaji wa Debian 12 una kikomo, na mashine hiyo tumeiongezea umri tu.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza uzeeni. Shauri la jirani huenda likawa sahihi kabisa, kwa mashine ya jirani. Kabla ya kulinakili, ulizeni mashine yenu ni ya ukoo gani na ya toleo gani, wekeni nakala ya faili mnalotaka kulibadili, na ikitokea kukataliwa, usomeni mstari wote mpaka neno la mwisho. Na sisi tulio wazee tukumbuke msemo usemao: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Nyuma ya viti vyetu wamesimama watoto wanaoona tusiyoyaona.

Zoezi la mwezi huu ni kwa vijana wote. Kila mmoja atoe ile amri ya dpkg kwenye kompyuta ya nyumbani yenye Ubuntu au Debian, aandike jibu katika karatasi pamoja na jina la toleo la mfumo, na kuileta karatasi hiyo Jumamosi. Tutaibandika orodha ukutani, ili mashine ya mtu isije ikahukumiwa tena kwa sheria za ukoo usio wake. Na mwenye kompyuta aliyoambiwa kuwa imekufa, asiitupe kabla hatujaitazama. Safari hii tutaitazama vizuri.

Hadi mwezi ujao, panapo majaliwa.

Wasalaam,
Mwalimu wenu